Degu anakula nini? Maswali ya kila siku kuhusu msosi wa degu

Majibu haya yanatoka kwa mtu aliyefuga degu, akakosea, akajifunza kwa uchungu. Kama degu wako wa kwanza kafika wiki hii na una haraka, anza na swali la nyasi na lile la matunda, mengine utayarudia ukitulia.

Degu si ni panya tu?

Hapana. Ni mgugunaji kama panya lakini ndugu zake wa karibu ni chinchila na simbilisi, na hilo ndo linabadilisha kila kitu kwenye sahani yake. Kwao ni Chile ya kati, kwenye vichaka vikavu huko chini ya milima ya Andes. Mtaalamu wa viumbe aitwaye Molina alipomwandika kitaalamu mwaka 1782 alimweka kwenye kundi la kindi, kwahiyo usijione mjinga ukimchanganya na mnyama mwingine.

Huko porini anakula nyasi, majani ya vichaka, magome, mbegu zikiwepo, na kiangazi kikikaza kila kitu kikakauka anafikia hatua ya kula mavi ya ng'ombe na farasi kwa sababu ndani yake bado kuna nyuzinyuzi. Hebu tulia kidogo na hiyo picha. Mnyama ambaye mwili wake umezoea kutafuta riziki kwenye mavi makavu ya farasi, ndo huyo sisi tunamletea ndizi na biskuti tukidhani tunampenda. Matatizo mengi ya degu wa nyumbani yanatokana na kulishwa vizuri kupita kiasi, njaa wala haihusiki.

Sasa chakula chake kikuu ni kipi?

Nyasi kavu. Kila siku, saa zote, bila kipimo. Nyasi zikiisha saa nne usiku unaongeza saa nne usiku. Vingine vyote, peleti (vile vidonge vikavu vya chakula vya dukani), mboga, majani makavu, ni vya kusindikiza tu.

Kwa nini nyasi? Kwanza tumbo: chakula chake kinachachuliwa na bakteria kwenye utumbo mpana, na hao bakteria wanataka nyuzinyuzi zinazoingia muda wote, zikikatika tumbo linasimama au linajaa gesi na mnyama wa gramu 200 hana akiba ya kusubiri. Pili meno: degu ana meno 20 na yote, ya mbele na magego, yanakua maisha yake yote. Hayaachi. Kinachoyasaga ni ule mwendo wa kutafuna nyasi ngumu, taya likienda na kurudi mara nyingi sana kwa siku. Peleti inavunjika kwa kutafunwa mara chache tu na imekwisha, haisagi chochote cha maana.

Nyasi za aina gani?

Timothi ndo maarufu, nyasi za malisho zilizochanganyika ni nzuri pia, na kuchanganya aina mbili tatu ni bora zaidi maana wanachoka ladha moja kama sisi. Angalia ziwe na rangi ya kijani kiasi, zinukie vizuri kama shamba lililofyekwa juzi, zisiwe na vumbi wala ukungu. Mimi nachukua kiganja kimoja nakitingisha mbele ya dirisha lenye jua, wingu la vumbi likitoka namwambia muuzaji asante nakuja.

Alfalfa (jamii ya kunde inayokaushwa kama nyasi) usimpe degu mzima mwenye afya. Ina protini na kalsiamu nyingi mno, na kalsiamu ikizidi inaweza kuleta mawe kwenye kibofu. Kuna wakati wake lakini, nimeigusia huko chini kwenye wajawazito.

Nyasi anazifanya kitanda tu, hazili. Nifanyeje?

Kwanza jiulize kuna nini kingine kwenye bakuli. Degu aliyeshiba peleti hana sababu ya kutafuna nyasi, kama mtoto aliyeshiba soda kabla ya chakula. Punguza peleti, uone. Halafu nyasi ziweke sehemu kadhaa, nyingine kwenye kihori cha kuning'iniza, nyingine zijaze kwenye boksi la karatasi lisilo na rangi wala gundi nyingi, tupia majani makavu ya chamomile au petali za waridi ndani yake, yeye atakuwa anatafuta yale majani na njiani anakula nyasi. Na kulala juu ya nyasi si kosa, wanalala na wanakula hapohapo, tabia yao.

Ila kama alikuwa anakula vizuri na ameacha ghafla nyasi lakini vitu laini bado anataka, hiyo si deko. Shuku meno, mpeleke kwa daktari.

Peleti kiasi gani kwa siku?

Gramu 10 hivi kwa degu mmoja, yaani kama kijiko kimoja cha chakula. Najua inaonekana kidogo. Ni kidogo, ndo maana yake. Mimi nagawa mara mbili, asubuhi na jioni, na badala ya bakuli huwa nazimwaga zikatawanyika humo kizimbani watafute wenyewe, wanapata mazoezi na yule mbabe hawezi kukaa juu ya bakuli akawanyima wenzake.

Kwenye pakiti soma viungo, picha ya mbele iache. Ukiona molasi (ule uji mweusi wa sukari ya miwa), asali, sirapu, sukari ya aina yoyote au matunda makavu, rudisha kwenye shelfu. Molasi hasa ndo mchawi, wanaiweka ili peleti zishikane na zinukie vizuri kwahiyo unaikuta hata kwenye vyakula vyenye picha ya degu kabisa. Unachotaka ni kiungo cha kwanza kiwe nyasi na nyuzinyuzi ziwe juu.

Peleti za degu sizipati. Naweza kutumia za wanyama wengine?

Za chinchila au simbilisi zinafaa, wengi wanachanganya hizo mbili, bora tu zisiwe na molasi. Zile za simbilisi zimeongezwa vitamini C kwa sababu simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini, degu hana shida hiyo ila haimdhuru. Za sungura nisingeshauri, baadhi yake zimetiwa dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya tumboni) ambayo si salama kwa kila mnyama. Za hamsta na panya hapana kabisa, zina nafaka na mafuta mengi.

Na ule mchanganyiko wenye mahindi, mbegu na vidonge vya rangi?

Usinunue. Hata kama viungo vyote vingekuwa sawa, ambavyo si kweli, degu anachagua. Nilikuwa na jike mmoja, ukimwekea ule mchanganyiko anapanda ndani ya bakuli kwa miguu yote minne, anachimba kwa mikono, vipande vya nyasi anavirusha nyuma kama anachimba shimo, mpaka afikie punje ya mahindi, anaishika kwa mikono miwili anaila huku kafumba macho. Baada ya dakika tano mahindi na alizeti vimeisha, kilichobaki ni vile vya maana ambavyo kesho unavimwaga ukidhani kashiba. Kwa peleti za aina moja hana cha kuchagua.

Tunda kidogo tu si dawa? Si ni vitu asilia?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana. Si epo, si zabibu, si ndizi, si tende, mbichi wala kavu. Kavu ndo mbaya zaidi maana maji yametoka sukari imebaki.

Sababu iko kwenye damu yake. Insulini ya degu na ndugu zake imeumbwa tofauti na ya wanyama wengine wengi na nguvu yake ni ndogo sana, kwahiyo sukari ikiingia kwa wingi haina wa kuiondoa. Kwao porini haikuwa shida, hakuna anayeuza zabibu kavu kwenye vichaka vya Chile. Nyumbani ndo inakuwa kisukari. Na kwa degu kisukari kinakwenda moja kwa moja machoni, kwa sababu lenzi ya jicho lake ina kwa wingi kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa sorbitoli, sorbitoli inavuta maji ndani ya lenzi, lenzi inavimba inakuwa nyeupe. Mtoto wa jicho huyo, na anaweza kuja ndani ya wiki chache tu baada ya kisukari kuanza. Watafiti wa kisukari wamewatumia sana degu kwenye maabara kwa sababu hiyohiyo.

Mimi nililijua hili kwa njia mbaya. Degu wangu wa kwanza nilikuwa nampa zabibu kavu moja kila jioni, moja tu jamani, akinisikia nafungua mlango anakuja mbio anasimama kwa miguu ya nyuma. Niliona ni urafiki. Siku moja taa ikampiga upande nikaona jicho la kushoto lina doa kama tone la maziwa, nikasema labda vumbi. Mwezi haukuisha macho yote mawili yalikuwa meupe na ile chupa ya maji iliyokuwa inakaa siku mbili ikawa inaisha kwa siku moja. Aliishi muda baada ya hapo, alikuwa anajua njia zake zote kwa kunusa, na mpaka mwisho akisikia mlango alikuwa anakuja palepale kusubiri zabibu yake.

Nisikufiche, si kila mtoto wa jicho unatokana na chakula, kuna degu wanarithi na wengine ni uzee. Lakini ule wa sukari ndo wewe una uwezo wa kuuzuia.

Nitajuaje kama ameshapata kisukari?

Anakunywa maji mengi kuliko kawaida, anakojoa sana, matandiko yanalowa haraka, anakula lakini anakonda, macho yanaanza ukungu. Daktari anaweza kupima mkojo kwa zile karatasi za kupimia sukari, hata wewe nyumbani unaweza ukapata tone la mkojo kwenye sehemu safi ya plastiki ukachovya. Ikitoka chanya usianze kujitibu, nenda. Mara nyingi tiba ya kwanza ni chakula chenyewe, kuondoa sukari yote na kurudi kwenye nyasi.

Mboga je?

Mboga sawa, kwa kiasi. Fikiria kipande cha ukubwa wa kidole gumba chako kwa degu mmoja, siku tatu nne kwa wiki, si bakuli la saladi. Majani ndo mazuri zaidi: majani ya dandelioni (haya wanayapenda kupita maelezo), giligilani, majani ya figili, letasi ya kijani iliyokolea, tango mara mojamoja, kipande cha maharage machanga ya kijani. Letasi ile nyeupe yenye maji haina maana yoyote, ni maji yamepewa umbo.

Karoti, kiazi kitamu, mbaazi mbichi, mahindi mabichi, biti, nyanya, hizi zina sukari au wanga mwingi, ziache. Ndio, hata karoti. Najua kila picha ya mnyama mdogo ameshika karoti. Pilipili hoho nayo ina sukari yake, hasa nyekundu, kwahiyo mimi siitoi. Kabichi, koliflawa na brokoli zinaleta gesi, na degu mwenye gesi ni msiba, kama lazima basi kipande kidogo sana tena kwa nadra.

Osha, kausha, na kilichobaki kiondoe baada ya saa chache. Wana tabia ya kuficha chakula, ukikuta harufu ya ajabu chungulia kwenye kona ya kibanda chao.

Mbegu za alizeti na karanga?

Hazina sukari nyingi ila mafuta ni mengi, na degu mnene ini lake linajaa mafuta. Punje moja ya alizeti kama zawadi, mara moja mbili kwa wiki, wakati unamfundisha kuja mkononi, haina neno. Isiwe chakula.

Vitu gani asiguse kabisa?

Chokoleti, vitunguu vya aina zote, parachichi, rubabu, kiazi kibichi na majani yake, mkate, biskuti, maziwa na jamii yake, nyama, chochote kilichopikwa na chumvi au mafuta. Pia zile fimbo za asali na vile vidonge vya mtindi vinavyouzwa kama zawadi za wanyama wadogo. Kuuzwa kwenye duka la wanyama si ushahidi kwamba kinafaa.

Meno yake ni ya machungwa, niyasafishe?

Usiyaguse! Ndo rangi yake. Degu mzima mwenye afya ana meno ya mbele ya njano iliyokolea kuelekea machungwa, wanazaliwa nayo meupe halafu yanakolea. Ukiona ya mkubwa yanapauka kurudi meupe ndo wasiwasi uanze, inaweza kuwa lishe au ugonjwa. Hapohapo niongeze, jina lake la kisayansi, Octodon, linatokana na magego yaliyosagika, ukiyaangalia kwa juu yana umbo la namba 8. Hayo magego huwezi kuyaona nyumbani na ndo yanayoleta taabu zaidi, kwahiyo angalia dalili: kidevu kimelowa mate, anaokota chakula na kukidondosha, jicho linatoka machozi, anapumua kwa shida kwa sababu mizizi ya meno imesukuma kuelekea puani.

Nimemkuta anakula mavi yake!!

Kawaida kabisa. Anakirudisha chakula kipite mara ya pili ili avune vitamini na protini ambazo bakteria wametengeneza huko mwisho wa utumbo. Wanafanya hivyo hasa usiku. Geuza uso uendelee na shughuli zako.

Matawi ya miti naweza kumpa?

Unapaswa. Tufaa, peasi na hazeli ni salama, hayo matawi atayamenya gome lote yabaki meupe kama mifupa. Miti ya matunda yenye kokwa moja kubwa kama plamu, cheri, pichi na aprikoti iache, na misonobari na jamii zake zenye utomvu pia. Uwe na uhakika mti haujapuliziwa dawa. Osha, acha ikauke vizuri.

Maji?

Masafi, kila siku mapya, hata kama chupa bado imejaa. Chupa ya kioo maana ya plastiki wanaitafuna mpaka itoboke usiku wa manane. Gusa kile kijipira cha mdomoni kwa kidole kila asubuhi uone kama tone linatoka, kimenikwamia mara moja na kuanzia hapo sikisahau. Usitie vitamini ndani ya maji, ladha inabadilika wanaacha kunywa.

Jike langu lina mimba, nibadilishe chakula?

Mimba ya degu ni ndefu kwa mnyama mdogo hivyo, kama siku 90, na watoto wanazaliwa na manyoya na macho wazi, kwahiyo mama anajenga watoto waliokamilika kabisa. Hapa ndo alfalfa kidogo inaruhusiwa juu ya nyasi zake za kawaida, na peleti unaongeza kiasi, mpaka amalize kunyonyesha. Watoto wanaanza kutafunatafuna nyasi mapema sana, waache, ndo wanajifunza, ila maziwa wanayahitaji mpaka wiki ya 5 au 6 hivi.

Nitajuaje ni mnene au amekonda?

Mzani wa jikoni, ule wa kidijitali unaosoma gramu. Degu mkubwa wengi wako kati ya gramu 170 na 300, lakini namba ya muhimu ni yake mwenyewe wiki iliyopita. Mimi nawapima kila wikiendi, naweka bakuli la plastiki juu ya mzani, narudisha sifuri, natupia jani moja ndani, anaingia mwenyewe. Usimshike mkia kumwingiza! Ngozi ya mkia inavuka ikabaki mkononi mwako na haioti tena. Andika namba ukutani au kwenye simu. Akishuka gramu 20 bila sababu sisubiri wikiendi ijayo.

Nataka kumbadilishia chakula, ghafla au polepole?

Polepole. Siku 7 hadi 14, unachanganya cha zamani na kipya huku kipya kikiongezeka. Sukari na matunda lakini ondoa leo hiihii, hivyo havina kuaga.

Hajala tangu jana, nisubiri?

Usisubiri. Degu ambaye hajala nusu siku na haonekani kuwa na kinyesi ni dharura, piga simu kwa daktari anayejua wanyama wadogo, na kabla hata hujapata degu uwe umeshajua ni nani na yuko wapi maana si kila daktari wa mifugo amewahi kumshika degu. Tumbo likiwa gumu limevimba kama ngoma usimlazimishe chochote mdomoni mpaka aangaliwe.

Ananiangalia kwa huruma nikiwa nakula biskuti. Kipande tu?

Hapana. Mpe jani la dandelioni, atalipokea kwa mikono miwili vilevile.